Wenzetu Wasioweza Kusema "Ndakira"

Desturi ya kurasa hizi za Kiswahili ni kupokea habari za mpira, za michezo ya kuigiza na za safari, na mara nyingine mashairi. Mimi leo naomba nafasi niseme juu ya jambo lisilopigiwa makofi, nalo ni hali ya moyo ya watu wenye maradhi yasiyopona, wakati ulimwengu unapoingiliwa na maradhi ya kuambukiza. Najua wako watakaosema kwamba Korona imekwisha kupita, na kwamba haifai kufukua yaliyozikwa. Jibu langu ni hili: uliozikwa ni ugonjwa, lakini maneno yaliyosemwa wakati wa ugonjwa yangali hai, tena yalirudi mara ya pili mwaka 2024 ilipokuja Mpox. Maneno hayo ndiyo ninayoyashitaki hapa.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya maradhi ninayoyataja. Mwili wa mwanadamu una askari wake, ndiyo kinga ya mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu vinavyoingia kutoka nje. Kwa watu wengine askari hao hupotea njia, wakageuza silaha zao na kuushambulia mwili uleule waliowekwa kuulinda. Wakiharibu sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini, mtu hupata kisukari cha aina ya kwanza, ambacho aghalabu huanza utotoni au ujanani. Wakishambulia viungo, viungo huvimba na kuuma, ndiyo baridi yabisi. Wakishambulia ngozi, viungo, figo na damu pamoja, ugonjwa huo huitwa lupusi; na katika kila wagonjwa 10 wa lupusi, wapatao 9 ni wanawake, wengi wao wakiwa wasichana na mama wenye umri wa kuzaa. Maradhi haya hayaambukizi. Mtu hayapati kwa kula sahani moja na mgonjwa, wala kwa kulala kitanda cha jirani yake, wala hayaletwi na uchawi wa shangazi. Lakini pia hayaponi. Dawa huyatuliza tu, na mgonjwa huishi nayo siku zake zote.

Tusiidharau kazi ya dawa hizo. Mpaka mwaka 1921 mtoto aliyepatwa na kisukari cha namna hii hakuwa na tumaini. Alikonda mbele ya macho ya wazazi wake mpaka akafa. Mwaka ule wataalamu wa mji wa Toronto, katika nchi ya Kanada, walivumbua insulini, na tarehe 11 Januari 1922 mgonjwa wa kwanza akachomwa sindano. Jina lake Leonard Thompson, naye alikuwa na miaka 14, rika la wadogo zetu wa madarasa ya chini. Tangu siku ile kisukari hicho kimekuwa maradhi ambayo mtu aweza kuishi nayo, akasoma, akaoa, akazeeka, ila tu sindano isikosekane.

Basi maradhi haya yana mambo mawili yanayoulemea moyo kupita maradhi mengine. La kwanza ni kwamba mara nyingi hayaonekani. Mwenye mguu uliovunjika hupishwa njia. Mwenye lupusi aliyeamka viungo vimekaza huitwa mvivu. La pili ni kwamba baadhi ya dawa za maradhi haya hufanya kazi kwa kuwapunguzia nguvu wale askari wa mwili, ili wasizidi kuharibu. Hapo mgonjwa huwekwa mahali pagumu. Akiacha dawa, askari wake mwenyewe watamla. Akizimeza, mlango wake una mlinzi dhaifu siku adui wa kweli anapobisha hodi. Katika mwaka wa kawaida mtu huzoea mashaka hayo. Katika mwaka wa janga humkosesha usingizi.

Mwaka wa janga ukaja. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba Korona imekuwa janga la ulimwengu mzima, na tarehe 31 Machi wagonjwa wawili wa kwanza wakatangazwa hapa Burundi. Nilikuwa mtoto bado, lakini nakumbuka jinsi redio ilivyosikilizwa. Jirani zetu walifunga shule: Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo mwezi uleule wa Machi, na huko Uganda wako watoto ambao hawakurudi darasani mpaka Januari 2022. Sisi Burundi hatukufunga. Tuliendelea kubanana katika madawati yetu, na wengi waliona hiyo ni bahati. Kwa mtoto mzima wa mwili ilikuwa bahati kweli. Kwa mtoto mwenye kinga dhaifu, kila asubuhi ilikuwa ni kuchagua kati ya masomo yake na pumzi yake, naye hakuwa na mtu wa kumwuliza.

Mwezi wa Julai mwaka ule serikali ilianza kampeni kubwa. Sabuni ya Bururu ikapunguzwa bei, watu wakapimwa kwa wingi mjini Bujumbura, na kampeni ikapewa jina ambalo kila Mrundi analijua: "Ndakira, sinandura kandi sinanduza," maana yake, ninapona, siambukizwi, wala siambukizi wengine. Ni maneno mazuri, tena yaliwatoa wengi katika uzembe. Lakini fikirini, ndugu zangu, neno la kwanza la kampeni ile ni "Ndakira," ninapona. Kati yetu wako watu ambao hata siku moja hawataweza kulisema neno hilo juu ya ugonjwa walio nao. Sisemi kwamba kampeni ilikosea. Ilikuwa juu ya Korona, si juu ya kisukari. Nasema tu kwamba hao hawakuwamo ndani ya wimbo ambao nchi nzima ilikuwa ikiuimba.

Sasa nafika kwenye maneno ninayoyashitaki. Tangu siku ya kwanza, kila mahali, kwenye baraza za Buyenzi, ndani ya mabasi, mbele ya makanisa na misikiti, na hata katika magazeti ya Ulaya, watu walifarijiana hivi: "Usiogope, ugonjwa huu huua wazee tu na watu wenye maradhi mengine." Lisikieni vizuri neno "tu." Anayelisema hutua mzigo wake chini, lakini hauachi njiani, humtwika mwenziwe aliye karibu. Kwa maana karibu kila mahali neno hilo lilipotamkwa, alikuwapo mtu mmoja aliyekaa kimya ambaye ndiye "wenye maradhi mengine." Wazima walipata faraja yao, naye akailipia kwa hofu.

Mwezi wa Februari 2021, nchi nyingi zilipokuwa zikiomba chanjo, Waziri wa Afya wa wakati ule alieleza ya kuwa, kwa sababu zaidi ya wagonjwa 95 katika 100 walikuwa wakipona, chanjo haijawa lazima kwetu. Baadaye, mwezi wa Julai, serikali ilikubali chanjo, na katika Oktoba 2021 zikafika na watu wakaanza kuchanjwa. Si kazi yangu mwanafunzi kuwahukumu wakubwa, ambao walikuwa na mengi ya kupima. Hesabu ile nayo sibishani nayo. Lakini sisi tuliofundishwa hesabu twajua ya kuwa ukitoa 95 katika 100 hubaki 5. Watu hawakuuliza hao watano ni nani, kwa kuwa kila mtu alijihesabu katika wale 95. Mwenye lupusi na mwenye kisukari hawakuwa na haja ya kuuliza.

Nina mwenzangu mmoja ambaye sitamtaja jina. Ameyasoma maneno haya kabla sijayapeleka kwa mhariri, akanipa ruhusa. Yeye alipatwa na kisukari cha aina ya kwanza akiwa na miaka 11. Mwaka 2020 alikuwa katika shule nyingine, mbali na hii yetu. Anasema mwalimu alipowaambia maneno yale ya faraja, darasa zima lilishusha pumzi, yeye akaanza kuhesabu. Alihesabu chupa za insulini zilizobaki nyumbani. Alihesabu siku. Uwanja wa ndege wa Bujumbura ulikuwa umefungwa kwa wasafiri tangu Machi, nao haukufunguliwa mpaka Novemba, na mtoto yule aliamini kwamba dawa zake zote huja kwa ndege. Mama yake alikwenda duka la dawa moja baada ya jingine. Katika duka moja aliambiwa arudi wiki ijayo, wiki ijayo akaambiwa bei imepanda. Mtoto hakuambiwa habari hizo, lakini aliziona katika uso wa mama.

Alianza kula peke yake. Alijipima homa mara kumi kwa siku. Alikuwa akijichoma sindano chooni ili asionekane, na wenzake wakasema anaringa, kwa sababu hakutaka kukaa karibu na mtu. Usiku alikuwa macho. Nilimwuliza kama alikuwa akiogopa kufa. Alifikiri kidogo, akaniambia ya kwamba kufa hakukumtisha sana. Alichoogopa ni kufa kifo ambacho hakingemshangaza mtu. Watu wangeuliza, "Alikuwa na nini?" Wangejibiwa, "Alikuwa na sukari." Nao wangesema, "Ahaa," wakaendelea na safari yao. Ndugu zangu, tangu aliponiambia hayo nimelifikiri sana lile neno "ahaa." Nafikiri ndilo neno la ukatili kupita yote, ingawa mwenye kulisema hana ubaya moyoni.

Wala asidhani mtu kwamba hofu ya namna hii ni ya mtoto mmoja wa Bujumbura. Chukueni habari ya wenye lupusi. Dawa yao kubwa ni haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini ambayo wazazi wetu waliimeza kwa malaria, mpaka vijidudu vikaizoea, na Burundi ikaiacha ikashika dawa nyingine. Mwezi wa Machi 2020 ilisemekana kwamba dawa hiyo huponya Korona, naye Rais wa Marekani wa wakati ule akaisifu mbele ya ulimwengu. Mara moja watu wazima wa mwili wakaikimbilia madukani. Tarehe 25 Machi India, ambayo hutengeneza sehemu kubwa ya dawa hiyo, ikazuia isipelekwe nchi za nje, na ilipofika Aprili ikalegeza kidogo amri yake. Mwezi wa Juni majaribio makubwa yaliyofanywa Uingereza yakaonyesha kwamba haiwafai wagonjwa wa Korona waliolazwa hospitali. Lakini kwa miezi ile mgonjwa wa lupusi aliyeishi kwa dawa hiyo kila siku aliona rafu tupu. Alinyang'anywa dawa na watu ambao haikuwafaa kitu. Mtu huyo akilia usiku, je, tutamwambia ana moyo mwepesi?

Au waulizeni Waganda. Mwezi wa Machi 2020 mabasi na teksi zilisimamishwa kote nchini, kisha hata magari ya watu binafsi. Mgonjwa aliyetaka kwenda hospitali kwa gari ilimpasa kwanza kupata ruhusa ya mkuu wa serikali wa wilaya yake. Kwa mtu ambaye kila mwezi ana siku yake ya kliniki, amri hiyo ilikuwa ukuta. Wengine walikwenda kwa miguu. Waliotoa amri walikuwa wakiwaza juu ya ugonjwa mmoja, wakayasahau maradhi mengine yote, ambayo hayakwenda likizo.

Mwezi wa Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kuwa katika mwaka wa kwanza wa Korona maradhi ya wasiwasi na ya huzuni yaliongezeka ulimwenguni kwa 25 katika 100, na kwamba waliokuwa na maradhi ya mwili tangu zamani walielekea zaidi kupatwa nayo. Kwa hiyo jambo hili si deko la watu wachache. Ni jeraha lililohesabiwa.

Kisha tukajaribiwa tena. Mwezi wa Julai 2024 Mpox, ambayo wengine huiita homa ya nyani, ilithibitishwa hapa Burundi, na tarehe 14 Agosti Shirika la Afya Duniani likatangaza hatari kwa ulimwengu. Hatari hiyo ilitangazwa kwisha katika Septemba 2025. Mji wetu wa Bujumbura uliguswa sana. Shule za bweni ziliingiwa na hofu, maana ugonjwa ule hupita kwa kugusana ngozi na kwa kutumia shuka na taulo pamoja. Nami katika bweni nikayasikia maneno yaleyale yakifufuka: "Haui, ila watoto wachanga na wale wenye kinga dhaifu." Nilitazama kitanda cha mwenzangu. Alikuwa amejifunika shuka mpaka kichwani, na jua lilikuwa bado halijazama.

Sasa nisikilize hoja za wanaopinga, maana haifai kusema peke yangu kama mtu aliye mlimani.

Wa kwanza husema: "Maneno hayo ni kweli. Wenye kinga dhaifu wako katika hatari zaidi. Je, tuifiche kweli?" Hasha, tusiifiche. Lakini kweli moja yaweza kusemwa kwa makusudi mawili. Daktari humwambia mwenye kisukari kwamba yuko hatarini ili ajilinde, tena humwonyesha njia ya kujilinda. Mtu wa barazani hulisema jambo lilelile ili yeye mwenyewe asijisumbue kunawa mikono. Maneno ni yale, makusudi ni mbalimbali. Nami natoa kipimo kilicho rahisi: kabla hujasema kwamba ugonjwa fulani "huua wale tu," jiulize kama ungeweza kulisema neno hilo ukimtazama machoni mmoja wa "wale." Ukiona huwezi, ujue kwamba hukukusudia kumwonya mtu.

Wa pili husema: "Sisi ni shule ya Kikristo. Mwenye imani hana wasiwasi. Na asali, atapata nguvu." Hoja hii naiheshimu, kwa sababu walio wengi wanaoisema wana upendo, na sala imewashikilia wagonjwa wengi. Lakini naomba wenzangu wakumbuke habari ya nabii Eliya. Alikimbilia nyikani, akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amtoe roho. Yeye alikuwa nabii, tena aliyeita moto kutoka mbinguni! Basi malaika alipomjia hakumkemea, wala hakumwambia kwamba imani yake imepungua. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akarudi mara ya pili akamlisha tena, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa mno kwake. Tukiwa wafuasi wa Maandiko, basi na tufuate mfano wa malaika huyo.

Tena yafaa wenye hoja hii wajue jambo la kitabibu. Huzuni ya mgonjwa mara nyingine si mawazo yake tu. Dawa kama prednisoloni, ambazo wengi wenye lupusi na baridi yabisi huzitumia, zaweza kumbadilisha mtu hali yake, zikamnyima usingizi, zikamtia furaha isiyo na sababu au majonzi yasiyo na sababu. Lupusi yenyewe yaweza kugusa ubongo. Na mwenye kisukari, sukari yake ikishuka mno, hutetemeka, hutokwa na jasho, huwa mkali, au husema ovyo kama mlevi. Kumwambia mtu wa namna hiyo atubu ni kama kumhubiria mwenye malaria aache kutetemeka.

Wa tatu husema: "Wakati ule sote tuliteseka. Wengine walikosa chakula. Kwa nini hawa watengewe huruma yao?" Kweli, sote tuliteseka, na nchi yetu ni maskini. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Mzima alikuwa na ugonjwa mmoja wa kuogopa. Hawa walikuwa nayo miwili, tena wa kuogopa kwao haukuisha janga lilipoisha. Wala siwaombei fedha nyingi wala vyeo. Ninayoyaomba ni machache, na mengi hayana gharama.

La kwanza, tujifunze. Kila bweni liwe na watu wawili au watatu wanaojua dalili za sukari kushuka. Mwenzetu akitetemeka na kuchanganyikiwa, apewe sukari au soda tamu mara moja; akiwa amezimia, asinyweshwe kitu, bali akimbizwe hospitali. Kujua jambo hilo dogo kutamfanya mwenye kisukari alale usingizi, kwa kuwa atajua kwamba si yeye pekee anayelinda maisha yake. Nasema kwa hakika kwamba nusu ya wasiwasi wa mwenzangu ilikuwa hiyo: alijiona mlinzi wa zamu asiyekuwa na wa kumpokea.

La pili, tuwape mahali pa heshima pa kutumia dawa zao. Insulini ambayo haijafunguliwa hutaka baridi ya friji, na chupa iliyofunguliwa hutaka kuepushwa na joto. Na joto la Bujumbura, hapa kando ya ziwa, mnalijua. Pasipo friji, mtungi wenye maji hupunguza joto. Zahanati ya shule iwe na mahali pa kuziweka, na chumba kidogo safi ambamo mtu atajichoma sindano bila kujificha chooni kama mwizi.

La tatu, likija janga jingine, nalo litakuja, kila shule iwe na daftari la siri, mikononi mwa mkuu na mwuguzi, linalotaja wanafunzi wenye maradhi ya kudumu na dawa zao. Hao wawekewe akiba ya dawa ya miezi kadhaa mapema, wapewe dawati karibu na dirisha, na ikiwa chanjo ipo, waelezwe wao na wazazi wao kabla ya wengine. Mtu aliyeambiwa mapema, "Tumekufikiria, mpango wako ni huu," hupungukiwa hofu kuliko kwa hotuba kumi.

La nne, tusimwache peke yake mtu anayejitenga ili ajilinde. Kukaa mbali kwa mwili si kukaa mbali kwa moyo. Mtu aweza kuketi hatua mbili kutoka kwake akapiga soga, au akamletea daftari la masomo mlangoni, au akacheza naye bao kwa kunawa mikono. Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku saba walizokaa chini pamoja naye bila kusema neno. Waliharibu kazi yao walipofungua vinywa kumweleza sababu ya mateso yake. Nasi tukikosa neno la kusema, kukaa tu kunatosha.

La tano, tusione haya ya hospitali ya maradhi ya akili. Hapa kwetu Bujumbura, pale Kamenge, iko hospitali ya namna hiyo iliyoanzishwa na mabruda wa shirika la Frères de la Charité. Wako watu ambao wangependa wafe kuliko kuonekana wakiingia katika lango lake. Kwa nini? Mtu akiumwa jino huenda kwa daktari wa meno, wala hatumpigi vijembe. Mwenzetu akikosa usingizi wiki nyingi, akikataa chakula, au akisema kwamba afadhali asingekuwapo, neno hilo lisichukuliwe kuwa mzaha. Aambiwe mwalimu anayeaminika siku hiyohiyo, na mtu amsindikize kwenda kutibiwa.

Neno langu la mwisho nalielekeza kwenu, kaka zetu mliomaliza shule hii. Kati yenu wako madaktari, wako wenye maduka ya dawa, wako wafanya biashara wanaosafiri mpaka Dar es Salaam na Nairobi, wako wakubwa wa ofisi. Ninyi ndio mtakaokuwa mezani siku mipango ya janga lijalo itakapoandikwa, sisi bado tukiwa hatujulikani. Friji moja ndogo kwa zahanati, na vijikaratasi vya kupimia sukari, si mzigo kwa watu wengi wakichangiana. Lakini hata kabla ya hayo nawaomba jambo moja. Siku mtu atakaposema mezani kwenu kwamba 95 katika 100 watapona, awepo mmoja wenu wa kuuliza kwa adabu, "Na hawa watano, tumewawekea nini?"

Hayo ndiyo maoni yangu. Kama yuko mwenzangu anayeona vingine, namwomba aandike katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa moyo mweupe.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Mwisho,
Bujumbura.